Mnanaa: Historia ya Baridi Isiyokuwepo

Hebu fanya jaribio dogo. Chukua pipi kifua, imung'unye mpaka iishe, kisha kunywa maji ya kawaida tu, yale yaliyokaa kwenye jagi mezani. Utahisi kama barafu imepita kooni. Sasa tumbukiza kipimajoto kwenye hayo maji: joto lake ni lilelile la chumba. Ulimi wako nao uko kama ulivyokuwa. Hakuna chochote kilichogeuka barafu, lakini wewe uko tayari kuapa kwamba umekunywa maji ya friji.

Hiyo baridi imetoka wapi? Ni swali ambalo mtoto wa darasa la pili anaweza kuuliza, lakini wanasayansi walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 100, na jibu lake ni sehemu ya kazi iliyopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Katika muda huo mnanaa ulizunguka dunia, ukawatajirisha watu, ukatuliza matumbo ya wengine, na pia ukasaidia kuuza sigara. Ndiyo habari yetu ya leo. Na ndani yake kuna jambo linalotuhusu sote tunaopaka dawa ya kuchua kifuani tukibanwa na mafua: kuhisi nafuu na kupona ni vitu viwili, na ilichukua muda mrefu watu kujifunza kuvitenganisha.

Majina mawili, mimea miwili

Kiswahili kina majina mawili ya jamaa hawa, na kila jina limekuja kwa njia yake. Nanaa, au mnanaa, limetoka kwenye Kiarabu. Peremende limetokana na neno la Kiingereza peppermint, na kwa watu wengi, hasa Kenya, leo peremende ni pipi yoyote ile. Yaani jina lilianzia kwenye mmea, likahamia kwenye pipi, na mmea wenyewe ukasahaulika.

Bahati nzuri majina haya mawili yanatufaa, kwa sababu mimea nayo ni miwili. Mnanaa ambao wengi wetu tunautia kwenye chai au chatini kitaalamu unaitwa Mentha spicata. Harufu yake inatokana zaidi na kemikali inayoitwa karvoni. Una harufu tamu, lakini haukupigi ile baridi ya puani. Peremende ni Mentha × piperita. Huu una mentholi, ambayo kwa kawaida ni kati ya theluthi moja na nusu ya mafuta yake. Mentholi ndiyo inayoleta baridi, na ndiyo mhusika mkuu wa makala hii.

Watu walitumia mnanaa kama dawa muda mrefu kabla ya kujua haya. Dioscorides, daktari wa Kigiriki wa karne ya 1, aliuweka kwenye kitabu chake kikubwa cha dawa, na kitabu hicho kilisomwa Ulaya na katika nchi za Kiislamu kwa zaidi ya miaka 1,000. Wagiriki walikuwa hata na hadithi yake: binti mmoja aitwaye Minthe alipendwa na Hades, mungu wa kuzimu, mke wa Hades akapandwa na wivu, na binti akaishia kuwa mmea wa kukanyagwa. Jina Mentha limetoka huko. Lakini mnanaa wa wakati ule ulikuwa dawa ya jikoni: majani, chai, ya kutafuna. Ili uwe bidhaa ya dunia nzima, mambo mawili yalihitajika: mmea wenye mentholi nyingi, na njia ya kuyatoa mafuta yake.

Chotara wa Hertfordshire

Mmea wenyewe ulijitokeza Uingereza. Mwishoni mwa karne ya 17, daktari mmoja aliuona ukiota Hertfordshire, kaskazini ya London, akampelekea mwanabotania John Ray. Ray akautaja kwenye kitabu chake cha mwaka 1696. Kilichomshangaza ni ladha: ulikuwa mkali ulimini kama pilipili. Kwa hiyo ukaitwa mnanaa wa pilipili, na hata neno piperita katika jina lake la kitaalamu lina maana hiyo. Kufikia mwaka 1721 ulikuwa umeingia kwenye orodha rasmi ya dawa ya London.

Linnaeus, yule Msweden aliyepanga majina ya viumbe, aliuhesabu mwaka 1753 kama spishi kamili. Kumbe ni chotara. Baba na mama yake ni mnanaa wa majini (Mentha aquatica) na mnanaa wetu wa chai. Ushahidi mmojawapo ni hesabu ambayo unaweza kuifanya kwa vidole. Mnanaa wa majini una kromosomu 96. Mnanaa wa chai una 48. Kila mzazi humpa mtoto nusu ya alizonazo: 48 na 24. Jumla ni 72, na ukihesabu kromosomu za peremende, unakuta 72 kamili.

Lakini kama nyumbu, chotara huyu ana kasoro: kwa kawaida hazai mbegu zinazofaa kupandwa. Ukitaka shamba la peremende, unachukua vipande vya mashina yanayotambaa na kuvipanda, kama unavyopanda marando ya viazi vitamu. Maana yake ni kwamba miche yote ya aina moja ni pacha: ukiujua mmoja umeijua yote, na ugonjwa ukiuweza mmoja umeiweza yote. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Kuhusu njia ya kuyatoa mafuta, ni ukenekaji, ufundi ambao wanakemia wa nchi za Kiislamu walikuwa wameuendeleza sana karne nyingi kabla kwa ajili ya maji ya waridi. Kanuni yake haina tofauti na ya kupika gongo. Majani yanawekwa kwenye pipa, mvuke unapitishwa ndani yake, ukitoka unapozwa kwenye bomba, unageuka maji. Mafuta ya mnanaa yamo kwenye vifuko vidogo sana vilivyo juu ya ngozi ya jani (ukiwa na lenzi nzuri unaweza kuviona). Joto la mvuke linavipasua, mafuta yanapaa pamoja na mvuke, na vikishapoa mafuta yanaelea juu ya maji, kwa sababu ni mepesi na hayachanganyiki nayo. Unayakinga kwa juu, basi.

Kuanzia katikati ya karne ya 18, mji wa Mitcham, kusini ya London, ukawa kitovu cha kilimo hiki. Leo Mitcham imemezwa na jiji, lakini jina lake bado liko shambani: aina ya peremende inayoitwa Black Mitcham inapandwa mpaka sasa.

Jina kwenye chupa

Peremende ilivuka Atlantiki na ikakuta ardhi kubwa. Ikakuta pia tatizo ambalo mtu yeyote aliyewahi kununua asali barabarani analijua: utajuaje kama ni halisi? Mafuta ya peremende yalikuwa ghali, hivyo wajanja waliyachanganya na mafuta ya tapentaini na vitu vingine vya bei nafuu. Mnunuzi wa London au Hamburg aliishia kutowaamini wote.

Mwaka 1839, Hiram Hotchkiss, mfanyabiashara wa jimbo la New York, aliingia kwenye biashara hii kwa mkakati rahisi: kuuza mafuta safi, kwenye chupa zenye jina lake. Mwaka 1851 mafuta yake yalipata medali kwenye Maonyesho Makubwa ya London, na tangu hapo picha za medali zikawa sehemu ya lebo. Tunaona nembo kila mahali siku hizi na kudhani ni mambo ya matangazo tu. Kwa peremende, nembo ilianza kama jibu la swali la kikemia ambalo mnunuzi hakuwa na kifaa cha kulijibu.

Baadaye uzalishaji ulihamia Michigan, na huko mtu mmoja, Albert Todd wa Kalamazoo, alipata utajiri mkubwa hadi akaitwa Mfalme wa Peremende. Aliingia hata Bungeni, kuanzia 1897 hadi 1899. Lakini sasa tulirudie lile suala la pacha. Mwaka 1924 mnyauko unaosababishwa na kuvu wa udongoni aitwaye Verticillium uligunduliwa kwenye mashamba ya Michigan. Kuvu huyu hukaa ardhini miaka mingi. Kwa kuwa miche yote ilikuwa nakala ya mmoja, hapakuwa na hata mche uliojaliwa kinga ya kutosha. Na kwa kuwa peremende haizai mbegu, mkulima hakuweza kuchanganya mbegu ili kutafuta aina yenye nguvu, kama tunavyofanya kwa mahindi.

Suluhisho lilikuwa la enzi yake. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Todd ilipeleka mashina ya Black Mitcham kwenye maabara ya nyuklia ya Brookhaven, New York, yakapigwa mionzi ili kubadilisha vinasaba vyake ovyo ovyo. Kisha maelfu kwa maelfu ya miche ilipandwa kwenye udongo wenye ugonjwa. Mingi ilikufa. Iliyosalimika ikachujwa tena kwa miaka mingi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatoka aina iliyoitwa Todd's Mitcham, inayouvumilia mnyauko vizuri zaidi. Inawezekana kabisa dawa yako ya meno ina mafuta ya mjukuu wa mmea uliopigwa mionzi. Usiogope: mionzi ilibadilisha vinasaba vya mmea, haikubaki ndani yake.

Japani, Brazili, India

Wakati haya yanaendelea, upande wa pili wa dunia kulikuwa na mnanaa mwingine. Wajapani wanauita hakka. Mafuta yake yana mentholi nyingi kuliko peremende, mara nyingi zaidi ya asilimia 70, kiasi kwamba ukiyapoza vizuri mentholi inajitenga yenyewe kama sindano nyeupe za chumvi. Huko Ulaya, tayari mwaka 1771 Gaubius, profesa wa Leiden, Uholanzi, alikuwa ameeleza fuwele za aina hiyo kutoka kwenye peremende, na mwaka 1861 mkemia Oppenheim akazipa jina la mentholi. Lakini ni Japani iliyozifanya fuwele hizo bidhaa ya kawaida. Kufikia miaka ya 1880 maduka ya dawa Ulaya yaliuza vijiti vya mentholi vya kusugua kwenye paji la uso mtu akiumwa kichwa.

Mji wa Kitami, kwenye kisiwa cha Hokkaido, ndio uliofaidika zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa ukitoa takriban asilimia 70 ya mafuta ya mnanaa ya dunia. Kisha vita. Serikali ilitaka chakula, si harufu. Mashamba ya hakka yakageuzwa, na masoko ya nje yakafungwa. Pengo likazibwa na Brazili, ambako wahamiaji kutoka Japani walikuwa wakiupanda mnanaa huohuo. Baadaye ikaja zamu ya India. Wanasayansi wa taasisi ya mimea ya dawa ya CIMAP, Lucknow, walitoa aina mpya zinazokomaa haraka, kiasi kwamba mkulima wa Uttar Pradesh anaweza kuupanda baada ya msimu mmoja wa nafaka, kuuvuna kabla ya mvua, na kupanda mpunga wake kama kawaida. Wengi wanaukeneka kijijini hapohapo. Leo India ndiyo inayoongoza duniani kwa mentholi ya asili.

Na shamba lina mshindani: kiwanda. Hapa kuna fumbo zuri. Molekuli ya mentholi ina sehemu tatu ambazo kila moja inaweza kuelekea upande mmoja au mwingine, kama mkono wa kushoto na wa kulia. Mbili mara mbili mara mbili ni nane, kwa hiyo yapo maumbo nane yenye atomu zilezile. Mmea unatengeneza hasa umbo moja, na ndilo lenye baridi kali kuliko yote. Ukipika mentholi ovyo kiwandani unapata mchanganyiko. Mjapani Ryoji Noyori alibuni vichocheo vinavyochagua upande, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Takasago ikaanza kuzitumia mbinu hizo kutengeneza mentholi ya umbo sahihi kwa tani nyingi. Noyori alipata Nobel ya Kemia mwaka 2001, pamoja na wenzake wawili. Kwa mkulima wa India, bei ya mafuta yake sasa inategemea mvua na pia kiwanda kilicho nchi nyingine.

Nani anadanganya: ulimi au ubongo?

Turudi kwenye swali letu. Jibu la kwanza ambalo watu walifikiria ni la kimantiki: mentholi inapaa haraka, inaondoka na joto la ngozi, kama spiriti ya hospitali kabla ya sindano. Mwaka 1886 Mjerumani Alfred Goldscheider alionyesha kwamba hapana, sivyo. Mentholi inafanya kazi moja kwa moja kwenye neva za baridi, hata pale ambapo kupaa hakuhusiki.

Mwaka 1951 Hensel na Zotterman walisogea hatua moja mbele. Walipima umeme kwenye neva za ulimi wa paka, wakaona kwamba neva ya baridi, ambayo kwa kawaida inanyamaza ngozi ikiwa na joto, ikipakwa mentholi inapiga kelele hata kwenye joto hilohilo. Walikisia kwamba lazima kuna kitu kwenye neva ambacho mentholi inakigusa.

Kitu hicho kilipatikana mwaka 2002, na maabara mbili kwa wakati mmoja: ya David Julius huko San Francisco na ya Ardem Patapoutian huko La Jolla, zote California. Ni protini, sasa inaitwa TRPM8, na kazi yake ni kama mlango kwenye ukuta wa seli ya neva. Joto likishuka chini ya nyuzi 25 hivi, mlango unafunguka, chembe zenye chaji zinaingia, neva inatuma ujumbe: baridi! Mentholi ikijibandika kwenye mlango huu, inaulegeza. Sasa unafunguka hata kwenye joto la kawaida la mdomo. Ongeza maji ya joto la chumba, ambayo ni ya baridi kidogo kuliko ulimi, na mlango unafunguka wazi kabisa. Ndiyo siri ya jaribio lile la pipi kifua. Miaka mitano kabla, Julius alikuwa amepata mlango wa namna hiyo unaofunguliwa na joto kali na pilipili. Kwa hiyo pilipili inachoma bila moto, na mnanaa unapoza bila baridi.

Ulimi, kwa hiyo, haudanganyi. Unaripoti kwa uaminifu kwamba mlango umefunguka. Ubongo nao haujui njia nyingine ya kusoma ripoti hiyo isipokuwa "baridi". Ujumbe ni wa kweli, ila aliyebisha hodi siye.

Nafuu ya kuhisi, nafuu ya kupona

Sasa twende kwenye matumizi, kwa sababu hapa ndipo historia inapogusa afya yako.

Anza na pua. Karibu kila dawa ya kuchua ina mentholi, kuanzia Tiger Balm, iliyobuniwa na familia ya Aw kutoka Rangoon, hadi Vicks, iliyotengenezwa na mfamasia Lunsford Richardson wa North Carolina katika miaka ya 1890, na ambayo mauzo yake yalipaa wakati wa homa kubwa ya mafua ya 1918. Ukijipaka, pua "inafunguka". Mwaka 1983, Ronald Eccles na mwenzake huko Cardiff, Wales, walifanya jambo la moja kwa moja: walipima hewa inavyopita puani kabla na baada ya watu kuvuta mentholi. Watu wengi walisema wanapumua vizuri zaidi. Vipimo vikaonyesha kwamba njia ya hewa haikupanuka. Baridi ile ndiyo inayouambia ubongo kwamba hewa inapita kwa wingi.

Je, hilo linaifanya dawa kuwa utapeli? Hapana. Mtu aliyebanwa na mafua akilala vizuri usiku mmoja, amepata kitu. Lakini amepata usingizi. Virusi viko palepale. Vivyo hivyo kwa nyungu: ule mvuke wenye majani unaliwaza, ila hauui virusi vilivyo ndani ya mwili, na maji ya moto yameshawaunguza watu. Hatari iko pale hisia inapochukua nafasi ya tiba, kwa mfano mtu mwenye nimonia anapokaa nyumbani siku nne kwa kuwa kila akijifukiza "anasikia nafuu".

Njoo kwenye tumbo, na hapa hadithi inageuka. Mwaka 1979, mji huohuo wa Cardiff, madaktari waliwapa wagonjwa wenye IBS (tumbo linalosokota na kujaa gesi, huku vipimo havionyeshi kidonda wala uvimbe) mafuta ya peremende kwenye vidonge visivyoyeyuka mpaka vifike utumboni. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko vidonge vitupu, na tafiti nyingi zilizofuata zimeelekea upande huohuo. Sababu inaeleweka: mentholi inazuia kalsiamu kuingia kwenye misuli laini ya utumbo, na bila kalsiamu msuli haukazi, hivyo haukufinyi. Hapa si hisia tu, msuli wenyewe unalegea. Lakini msuli unaofunga mdomo wa tumbo nao unalegea, kwa hiyo mwenye kiungulia anaweza kuzidiwa akinywa mafuta ya peremende. Dawa ya kweli huja na madhara ya kweli.

Kwa kichwa kinachouma kwa mkazo, watafiti wa Kiel, Ujerumani, walilinganisha mwaka 1996 mafuta ya peremende ya asilimia 10 ya kupaka kwenye paji la uso na vidonge vya paracetamol. Mafuta hayakushindwa. Wale wa miaka ya 1880 na vijiti vyao hawakuwa wajinga.

Upande wa giza ni sigara. Katika miaka ya 1920 kijana wa Ohio, Lloyd Hughes, alipata wazo la kutia mentholi kwenye tumbaku, na kampuni kubwa zikaiga. Matangazo ya enzi hizo yaliziuza sigara hizo kama kitu kinachoburudisha koo, hata kwa mtu mwenye mafua. Fikiria: moshi unaunguza koo, koo linajaribu kukuonya, mentholi inafunika onyo hilo kwa baridi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilihitimisha mwaka 2013 kwamba huenda mentholi inarahisisha kuanza kuvuta na kufanya iwe vigumu zaidi kuacha. Huko Marekani matangazo yake yalilenga kwa makusudi jamii ya watu weusi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku Mei 2020. Molekuli ni ileile ya pipi kifua. Kilichobadilika ni nani anaitumia kuficha nini.

Na watoto wachanga. Hapa naomba usome taratibu. Kwa mtoto mdogo, mentholi karibu na pua inaweza kuamsha mwitikio wa ghafla wa mwili unaofunga koo au kusimamisha pumzi kwa muda. Kafuri, ambayo mara nyingi imo kwenye kopo lilelile, ni sumu ikimezwa. Ndiyo maana maelekezo ya dawa hizi yanasema zisitumike kwa mtoto wa chini ya miaka miwili. Bibi anayempaka mjukuu chini ya pua anafanya hivyo kwa upendo, kwa sababu kwake yeye dawa "inafungua". Sasa unajua kwamba haifungui. Mwambie kwa heshima: mafua ya kichanga yanahitaji matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya pua, kunyonya mara kwa mara, na kituo cha afya akipumua kwa shida au akikataa kunyonya.

Ndugu wa mnanaa walio kwetu

Mnanaa ni wa familia kubwa, Lamiaceae, na ndugu zake wengi wanaota uani kwetu: mrehani, kivumbasi. Pembeni mwa Msitu wa Kakamega, Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru, wakishirikiana na kituo cha utafiti cha icipe, wamekuwa wakilima ndugu mmoja, Ocimum kilimandscharicum, wakiukeneka, na kutengeneza dawa ya kuchua iitwayo Naturub. Mmea huu una kafuri nyingi badala ya mentholi. Faida yake iko hata nje ya kopo: mtu anayepata kipato shambani ana sababu ndogo ya kuingia msituni kung'oa mimea ya dawa ya porini.

Ukisoma historia ya peremende, unaona Kakamega inakutana na maswali yaleyale ya Hotchkiss, Todd na watu wa Cardiff. Mnunuzi atajuaje kwamba mafuta ni safi? Ugonjwa ukija, aina nyingine za kupanda zipo? Na dawa inapomfanya mtu aseme "aah", ni nini hasa kimebadilika ndani ya mwili wake? Swali la tatu ndilo gumu, na ni la wanafunzi wa kemia, famasia na baiolojia waliopo Afrika Mashariki sasa hivi. Kivumbasi kinafukuza mbu kwa muda gani, kwa kipimo kipi? Mrehani wa bibi unatuliza tumbo kwa kulegeza msuli, au kwa harufu tu? Kama unatafuta mada ya utafiti wa shahada yako, toka nje, geuza jani, tazama vile vifuko vya mafuta, na anzia hapo.